Tulikula Wapi Kando ya Bahari?

Sisi watu wa Katanga twalijua jina la Dar es Salaam tangu utoto wetu, walakini wengi wetu twalijua kuwa jina la bandari tu, si jina la mahali pa kuketi na kula. Twayajua magari yashushwayo huko, na malori yaondokayo kwetu na shaba, yakarudi na bidhaa za kila namna. Hata wazee wetu waliujua mji ule kwa ajili ya mizigo. Mwaka 1921 Ubelgiji ilipatana na Uingereza, ikapewa sehemu katika bandari za Dar es Salaam na Kigoma kwa kodi ya faranga moja tu kwa mwaka, ili mizigo ya Kongo ipate njia ya kufika baharini. Basi mzigo wa Kongo ulipata mahali pake katika mji ule zaidi ya miaka 100 iliyopita. Lakini mtu wa Kongo akitaka kuketi mbele ya bahari pamoja na mama yake mzazi, ale na kunywa bila kuona haya, aende wapi? Hilo ndilo swali lililotupata sisi, nasi twaona vema kuwasimulia jinsi tulivyolijibu.

Mama yetu na safari yake

Mama yetu ni mzaliwa wa Mitwaba. Aliishi huko akilima mahindi na mihogo, hata mwaka 2012, wanamgambo waitwao Bakata Katanga walipoyasumbua maeneo ya Mitwaba, Manono na Pweto, watu wakayaita Pembetatu ya Mauti. Mama alikimbia pamoja na majirani zake. Njiani hawakuwa na chakula ila mihogo ya mashamba yaliyoachwa na wenyewe. Wasomaji wajua kwamba mhogo mchungu una sumu ndani yake, na kwa sababu hiyo mama zetu huuloweka majini siku kadhaa, ndipo huuanika na kuutwanga. Mtu akimbiaye hana siku za kuloweka. Walikula hivyo hivyo, mwezi na zaidi, na jirani mmoja wa mama, mwanamke mwenye nguvu, miguu yake ilikakamaa asiweze tena kutembea. Waganga wa hospitali wauita ugonjwa huo konzo, nao hauponi.

Tangu alipofika kwetu Lubumbashi, mama hakutia tena mhogo kinywani mwake. Bukari alitaka ya mahindi matupu. Sombe alikula, kwa kuwa alisema majani hayana kosa. Lakini mzizi wenyewe, hapana. Wala sisi hatukumlazimisha.

Basi mwaka mmoja mama alituambia, "Wanangu, nimeona ziwa, nimeona mito, lakini bahari sijaiona. Nataka niione kabla sijazeeka kabisa, nami nataka nikae mbele yake kama mgeni, nisiipite mbio kama mtu wa mizigo." Neno hilo lilituingia moyoni. Tukaweka akiba kidogo kidogo, na wakati wa likizo tukafunga safari watu watano: mama, sisi watoto wake watatu, na mjukuu mmoja wa darasa la sita.

Safari ya basi ni ndefu, kama kilomita 2,000. Tulivuka mpaka pale Kasumbalesa, tukapita Kapiri Mposhi, tukaikata Zambia hata Nakonde, tukaingia Tanzania kwa mlango wa Tunduma. Kisha Mbeya na baridi yake, Iringa na milima yake, na Mikumi, ambapo barabara hupita katikati ya mbuga, mjukuu akaona twiga karibu na dirisha. Siku ya nne jioni tulifika, tukapokewa na jamaa mmoja aliyepanga nyumba upande wa Kariakoo.

Mtaa wa wenye nafasi

Jumapili asubuhi mwenye nyumba wetu, mama wa Kizaramo, mcheshi sana, alituuliza tutafanya nini. Tukasema twataka kumwonyesha mama bahari. Akacheka, akasema, "Nendeni Oyster Bay, mkapunge upepo." Kwa watu wa Dar es Salaam kupunga upepo ni kazi ya Jumapili: mtu huvaa nguo safi, huchukua watoto wake, akaenda kuketi mahali ambapo pepo za bahari zavuma.

Yafaa kwanza tueleze mtaa huo ni wa namna gani. Kaskazini ya mji ardhi imeingia baharini kama kidole, na hiyo ndiyo rasi ya Msasani. Upande wake wa mashariki, utazamao bahari kuu, ndio Oyster Bay, yaani Ghuba ya Chaza. Mbele zaidi ni Masaki, na upande wa magharibi ni ghuba ya Msasani. Zamani zote palikuwa mahali pa wavuvi. Wakati wa Waingereza mji uligawanywa sehemu kwa sehemu: Wazungu walikaa kwenye nyumba kubwa zenye bustani, na Oyster Bay ikawa yao, Wahindi walikaa katikati, Waafrika walipewa Kariakoo na jirani zake. Baina ya Kariakoo na mji wa wengine uliachwa uwanja mtupu, uitwao Mnazi Mmoja.

Tuliposikia habari hiyo hatukustaajabu sana. Msomaji wa Lubumbashi ajua kwamba mji wetu, ulioanzishwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, ulikuwa na ukanda mtupu vilevile baina ya mji wa Wazungu na makao ya Waafrika. Walioipima miji hiyo miwili walikuwa wa mataifa mbalimbali, lakini fikira yao ilikuwa moja.

Siku hizi Oyster Bay na Masaki hukaa mabalozi, wafanya biashara wakubwa, na wageni wa mashirika, kama vile mtaa wa Golf kwetu. Barabara ifuatayo ufuo yaitwa Toure Drive, kwa jina la Sékou Touré wa Guinea. Mwalimu Nyerere naye alikuwa na nyumba yake Msasani. Tangu mwaka 2022 kuna daraja jipya, liitwalo Tanzanite, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 1 juu ya maji, litokalo upande wa mjini likakufikisha Oyster Bay upesi. Sisi tulilipita kwa bajaji mbili, mama akishika rozari mkono mmoja na chuma cha bajaji mkono wa pili. Tukasali Misa katika kanisa la Mtakatifu Petro, lililo Oyster Bay, kisha tukaanza kutafuta mahali pa kula.

Meza ya kwanza

Kwa kuwa tulitaka kumheshimu mama, tuliingia kwanza katika hoteli moja nzuri iliyojengwa juu ya miamba, bahari ikipiga chini yake. Jina lake hatulitaji. Viti vilikuwa laini, vitambaa vya meza vyeupe, na kijana aliyetuhudumia alikuwa na adabu. Alituletea kitabu cha vyakula kilichoandikwa kwa Kiingereza kitupu. Mjukuu alisoma, sisi tukatazama upande wa bei, tukaanza kutazamana. Sahani moja ya kamba wa baharini ilikuwa bei ya nauli ya mtu mmoja kutoka Mbeya. Tukaagiza maji, na soda moja kwa ajili ya mtoto, na sahani moja ya samaki tugawane.

Mama hakusema neno. Alipoona sahani moja imewekwa katikati ya watu watano, alisema ameshiba. Sisi twamjua mama: alishiba vivyo hivyo miaka ile ya njaa, kila chakula kilipokuwa kidogo. Hesabu ilipoletwa, tukaona imeongezwa kodi na malipo ya huduma, ambayo hayakuwamo katika bei tulizosoma. Ndipo mama alipouliza kwa sauti ndogo, "Wanangu, hawa wanauza maji, au wanauza kiti?"

Hatukukasirika na wenye hoteli, kwa maana hakuna aliyetudanganya. Kiti kile kweli kilikuwa na bei yake, nasi tulikikalia bila kuuliza. Lakini tulitoka na aibu: tulimleta mama kilomita 2,000 aketi kama mgeni, naye amelala njaa machoni petu ili tusitumie fedha.

Tulijifunza mambo mawili, nasi twawapa wasomaji bure. Kwanza, mahali palipo na vitambaa vya meza, soma bei kabla hujaketi, nawe uulize, "Je, kodi na huduma zimo?" Swali hilo si haya. Pili, katika mtaa ule kuna mahali pazuri ambapo kutazama hakulipiwi. Mahali pamoja ni Slipway, upande wa ghuba ya Msasani. Hapo zamani palikuwa karakana ya mashua. Siku hizi pana maduka, hoteli na meza za kulia kando ya maji. Familia yaweza kutembea pale, kumnunulia mtoto aiskrimu, na kutazama jua likitua. Jambo hilo la jua si dogo. Pwani yetu ya mashariki huona jua likichomoza kutoka baharini, lakini likitua hutua nyuma yako, juu ya nchi kavu. Kwa kuwa Slipway yatazama magharibi kuvuka ghuba, waliona jua likishuka ng'ambo ya maji. Toka hapo pia mashua huenda kisiwa cha Bongoyo, ambacho tangu mwaka 1975 ni hifadhi ya bahari, na huko wageni huchomewa samaki ufuoni. Mwenye fedha ya kutosha na aende. Sisi hatukuwa nayo.

Meza ya pili

Mchana ule tulikuwa tukitembea pasipo neno, tukifuata Toure Drive, mama mbele na mjukuu wake. Mara tukasikia kelele za watoto, tukanusa harufu ya mafuta ya moto na nyama ya makaa. Tulikuwa tumefika Coco Beach.

Wasomaji, msidhani ni mahali pa fahari. Ni ufuo wa mchanga na mawe ya matumbawe, wenye minazi, mabanda ya wauzaji, na watu wengi, ambao Jumapili ni wengi mno. Lakini tazameni ajabu yake: nyuma ya barabara ni nyumba za matajiri, mbele ni bahari kuu, na hapo katikati hukaa kila mtu. Tuliona fundi wa magari na watoto wake sita, mabinti wa shule, bwana wa ofisi aliyevua viatu, wazee wa Kihindi wakitembea polepole, wanajumuiya wa kwaya wakiwa bado na sare zao. Hakuna aulizaye mtu ametoka mtaa gani. Mara kadhaa umezuka ubishi kama ufuo huo upewe wenye mali wajenge, ama ubaki wazi. Na mpaka leo umebaki wa watu wote. Nasi tuliofikiri habari za Mnazi Mmoja na ukanda mtupu wa Elisabethville tuliona kwamba hilo ni jambo la kushikwa kwa mikono miwili. Uwanja ulioachwa wazi ili watu watengwe ni kitu kimoja; uwanja unaoachwa wazi ili wakutane ni kitu kingine kabisa.

Tena watu wa pale hula vizuri. Kuna mishikaki, yaani nyama iliyokatwa vipande vidogo, ikatungwa kwenye kijiti na kuchomwa juu ya makaa. Ni ndugu wa michopo yetu, ila vipande ni vidogo na viungo ni vingi. Kuna pweza, na supu yake iliyotiwa ndimu na pilipili. Kuna juisi ya miwa inayokamuliwa mbele ya macho yako kwa mashine ya magurudumu, pamoja na ndimu na tangawizi. Kuna wauza kahawa wenye mabirika juu ya makaa, wakigonganisha vikombe ili wasikiwe. Kahawa ni chungu, hainywewi na sukari, bali na kashata, ambacho ni kitamu cha nazi au karanga. Kuna madafu: muuzaji hulikata dafu kichwa kwa panga, ukanywa maji yake matamu, kisha hulipasua mara mbili, akakuchongea kijiko kutoka ganda lake lenyewe, ukala ule utando mweupe laini wa ndani. Mama alilishika dafu kwa mikono miwili, akanywa bila kupumzika, akasema, "Huyu mti anachemsha munkoyo wake mwenyewe." Tukacheka kwa mara ya kwanza siku ile.

Mhogo wa Coco

Lakini chakula kilicho na jina kuliko vyote ufuoni pale, ambacho watu hukifuata kutoka pande zote za mji, ni mhogo.

Tulipotambua hivyo tulitaka kumpitisha mama upesi. Tulikuwa tumekwisha chelewa. Alisimama mbele ya karai la mama mmoja wa makamo, akitazama. Mhogo ulimenywa ukawa mweupe, ukakatwa vipande virefu, ukatolewa kile kijiti cha katikati, ukatiwa katika mafuta ya moto hata ukawa rangi ya dhahabu. Kando yake palikuwa na mingine, mizima, ikichomwa juu ya makaa. Yule muuzaji alimwona mzee, akasema kwa heshima, "Shikamoo, bibi." Mama, ambaye kwetu huamkiwa kwa jambo, hakujua la kujibu. Mjukuu akamnong'oneza, "Bibi, sema marahaba." Akasema marahaba, yule mama akafurahi, akamwekea kigoda.

Mama akauliza, "Huu umelowekwa siku ngapi?"

"Haulowekwi, bibi. Huu ni mtamu. Waliwa hata mbichi."

"Wasema wewe. Nipe mbichi nione."

Muuzaji hakukasirika. Akamkatia kipande kibichi. Mama akakiuma kidogo kwenye ncha, akakiweka juu ya ulimi, akanyamaza, kama afanyavyo mtu anayejua. Uchungu wa mhogo hauchelewi kujulikana. Kinywa huuona mara moja. Sisi tulisimama nyuma yake, hatuna la kusema. Kisha akameza. Akasema, "Ni kweli. Hauna kitu."

Ndipo akakubali kipande cha kukaangwa. Yule mama alikinyunyizia chumvi, akakitia pilipili ya kusaga na kachumbari ya vitunguu na nyanya, akakamulia ndimu. Mama alikula polepole, akiitazama bahari. Akamaliza. Akasema, "Ongeza," nasi tukajua kwamba sasa hakuwa akisema ameshiba kwa ajili yetu. Tuliketi wote watano juu ya mchanga, tukala mhogo, mishikaki na madafu, na hesabu yetu yote haikufika nusu ya ile ya hoteli.

Walipozungumza, mama akamsimulia yule muuzaji habari za Mitwaba, si zote. Alimwambia tu, "Kwetu tuliula huu tukikimbia, nao ulituua." Mwenzake akajibu, "Pole, bibi. Hapa twaula tukikaa." Neno fupi, lakini mama amelirudia mara nyingi tangu siku ile.

Jambo la vijiti

Kabla ya kuondoka mama aliuliza kama aweza kupata vijiti vya mhogo ule, avichukue akaupande Lubumbashi. Muuzaji alisema yeye hununua mihogo sokoni, nayo hutoka mashambani mkoa wa Pwani, lakini angeweza kumtafutia. Hapo tukalazimika kumkataza mama, ingawa tulihuzunika. Mihogo ya pwani hupatwa na ugonjwa wa michirizi ya kahawia, na ule uitwao batobato huenea pote. Shina laweza kuonekana zima, kumbe limebeba ugonjwa ndani, nawe ukauingiza katika shamba lako na la jirani. Ndiyo maana sheria yakataza kuvusha mimea mpakani bila kibali cha wakaguzi. Wasomaji wengi hufanya kosa hilo bila kujua, wakidhani wanaleta zawadi. Mama alisikiliza, akasema, "Basi. Hata kwetu kuna mtamu. Tutautafuta."

Mashauri kwa familia zitakazokwenda

Tungependa kumaliza kwa maneno machache ya kufaa, kwa maana twajua wako wasomaji wetu waendao Dar es Salaam kwa biashara, nao humaliza wiki nzima Kariakoo bila kuiona bahari.

Nendeni mchana ukipungua joto, mrudi kabla ya giza kuwa zito, hasa mkiwa na watoto. Vitu vya thamani viacheni nyumbani.

Ulizeni bei kabla ya kula, hata kwa muuza dafu. Muulize kwa salamu kwanza. Mtu wa pwani asiyesalimiwa husikia vibaya, naye anayesalimiwa vema hupunguza bei mwenyewe.

Lijueni neno moja moja. Bukari huko ni ugali. Sombe ni kisamvu, nacho hupikwa kwa tui la nazi, si kwa mawese. Mama alikionja kwa mwenyeji wetu, akasema ni kizuri lakini kimevaa nguo ya mtu mwingine.

Bahari hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku saa zake husogea mbele kama dakika 50. Maji yakipwa, miamba huonekana, na watoto hupenda kutembea juu yake. Maji yakirudi, hurudi upesi. Mkondo wa Coco Beach ni mkali, na siku za sikukuu, watu wakiwa wengi, wapo waliozama. Msiwaache watoto kuogelea peke yao, wala mtu aliyekunywa pombe asiingie majini.

Mkifika katika mwezi wa Ramadhani, kumbukeni kwamba majirani wengi wa pwani wamefunga. Msile wala kunywa mbele yao mchana. Ngojeni magharibi, ndipo mtakaribishwa futari, na humo mtaukuta mhogo tena, umepikwa kwa nazi.

Mwisho, msiwadharau wenye hoteli, wala msijidharau ninyi. Mwenye fedha na aketi juu ya mwamba, ale kamba wake kwa amani. Lakini mtu asidhani kwamba heshima ya mama yake imo katika kitambaa cha meza. Sisi tulidhani hivyo, na kwa saa moja tulimnyima mama chakula tukifikiri twamheshimu.

Sasa nyuma ya nyumba yetu, Lubumbashi, kuna matuta 4 ya mhogo mtamu, ambao mama aliutafuta kwa mkulima mmoja wa njia ya Kasenga. Kabla ya kuupanda aliuonja mbichi, kwenye ncha, akanyamaza kidogo, kama alivyofanya kule. Bado haujakomaa. Mjukuu huuliza kila Jumapili, naye bibi yake humjibu neno lile lile: "Ngoja. Huu tutaula tukikaa."